Jina Nililolitaja Juu ya Mnara

"Kumwona mtu kwa darubini ni kumwona, au siyo?"

Mama mkwe wangu aliniuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na mimi sikuwa na jibu. Walionifahamu watawaambia kwamba halikuwa jambo la kawaida. Nilibishana na mwalimu wa misheni kuhusu safina ya Nuhu, nikimuuliza viboko waliingizwa humo kwa kazi gani wakati wanajua kuogelea. Nilibishana na shangazi yangu kuhusu udongo, mvua, na kwa nini mwanamke akifinyanga hatakiwi kupiga mluzi. Lakini siku ile mlangoni nilisimama kama mtungi usio na maji.

Mabinti mnaofinyanga Ikombe na kuuza sokoni Lyulilo, mmenisihi niandike habari za kazi yangu. Nitaandika. Lakini msitegemee nianze na namna ya kuchagua udongo. Kazi hii ilinipandisha juu ya mnara wa Wajerumani, na ukinitenganisha na mnara ule utabaki na nusu ya mtu. Wale kati yenu mliosoma sana na kuzicheka mila zetu, na wale wazee wanaozililia kila siku, nadhani wote mtakasirika kabla sijamaliza. Kasirikeni tu. Mimi nimezeeka, sijalainika.

Mnara wenyewe hamkuukuta. Ulisimama juu ya kilima kidogo cha ufukweni, mwendo mfupi kutoka Lyulilo, umejengwa kwa matofali ya kuchoma, na ndani yake kulikuwa na ngazi za mbao zilizolia kila ukikanyaga. Wanaume wetu waliyabeba matofali hayo kwa kulazimishwa. Juu kulikuwa na kibanda cha bati, na ndani ya kibanda askari mmoja mwenye darubini, kazi yake kulitazama ziwa na bonde lote mpaka lilipoishia.

Watu walitoka Makwale, walitoka Ipyana, wakaja na ndizi zao za kuchoma, wakakaa chini kwenye majani na kuutazama. Hawakuwa na shida nyingine. Walikuja kuuona tu. Na kila aliyeuona alirudi kwao na habari mpya. Mnara unaona ndani ya nyumba. Mnara unajua kuku uliyemficha. Mnara unaona mimba kabla mwenye mimba hajajua.

"Kama unaona yote," niliuliza siku moja pale pale chini yake, "kwa nini askari wakija kwetu huanza kwa kuuliza njia?"

Wanawake waliokuwa karibu nami walihama, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba nimekaa juu ya siafu.

Mimi ni mtoto wa Ikombe, Mkisi, kwetu ardhi ni mawe na maji, na mwanamke asiyejua kufinyanga analala njaa. Niliolewa Makwale kwa Wanyakyusa, watu wa mpunga na migomba, ambao chungu wanakijua kwa kukinunua. Ng'ombe wa mahari yangu walitolewa na mjomba wa mume wangu aliyekaa Ipyana, na vijana wake ndio waliowaswaga mpaka Lyulilo. Siku hiyo nilikuwa nimejificha ndani ya nyumba ya ndugu zetu, nikichungulia kwenye ufa. Palikuwa na dume moja jeupe lililokataa kuvuka kijito. Walilisukuma, wakalibembeleza, wakalitukana. Mwishowe mmoja wao akalikamata mkia akaupinda, na dume likaruka na mtu wake, likatoka ng'ambo peke yake. Jamaa alibaki kwenye matope mpaka kifuani, mkono mmoja bado uko juu kama ameshika kitu. Nilicheka kwa sauti mpaka shangazi yangu akanifinya.

"Bibi harusi hacheki," alisema.

"Kwa nini?"

"Hilo 'kwa nini' lako litakurudisha Ikombe na ng'ombe wako."

Halikunirudisha, lakini lilinitesa. Huko nilikoolewa kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko nyingine zote. Mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hazungumzi naye, hapiti mahali alipo. Ukimsikia anakuja njiani, unaingia kichakani, unageuza mgongo, unajifunika mpaka apite. Naye kwa wema wake hukohoa kabla hajafika, ili upate nafasi ya kukimbia. Kikohozi cha baba mkwe wangu kilikuwa kifupi, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Nilikijua kuliko sauti ya mume wangu. Mara moja kilinikuta katikati ya jaruba la mpunga nikiwa na vyungu kichwani, nikajitosa kwenye maji ya magoti. Vyungu vilipona. Mimi nilitoka nimepakwa udongo kama mtungi unaosubiri kuchomwa.

Na jina lake halitajwi. Siyo jina tu, hata neno linalofanana nalo. Bahati yangu mbaya, jina la mzee yule lilifanana na neno letu la jiwe. Sasa nyie wafinyanzi mnajua. Chungu hakisuguliwi bila kijiwe laini. Kila siku ya Mungu nilihitaji jiwe, na kila siku sikuweza kuliita jiwe. Nilikiita "kigumu". "Nani kachukua kigumu changu?" Wifi zangu walivunjika mbavu. Niliuliza jina la mtu litadhurika vipi nikilitamka. Mama mkwe akaniambia, "Halidhuriki jina. Unadhurika wewe." Nikauliza nitadhurika vipi. Akasema nisubiri nione. Hilo si jibu, na nilimwambia hivyo.

Basi kazi. Naona mnasubiri.

Mtungi wa maji si urembo. Nilipokuwa mgeni katika ufundi huu nilisugua mtungi wangu wa kwanza kila upande, nikaupaka ngeu nzito, ule udongo mwekundu wa rangi, nikausugua tena mpaka ukang'aa. Shangazi yangu akautazama, akajitazama ndani yake, akatengeneza nywele.

"Umefinyanga mtungi au kioo?" akaniuliza.

"Mzuri, siyo?"

"Mzuri sana. Utie maji asubuhi, mchana utayapikia ugali."

Mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Acha tumbo lake lipumue. Sugua shingo, sugua mdomo, chora mistari yako ya chokaa upendeze wateja, lakini tumbo uliache likiwa na vinyweleo. Na ukitaka kujua kama umeiva, usiuangalie rangi. Ugonge kwa kifundo cha kidole, usikilize. Uliopasuka hata kwa ufa usioonekana utakuambia wenyewe. Watu ni hivyo hivyo, ila hawapendi kugongwa.

Jasho hilo la mtungi ndilo lililonipeleka juu. Askari wa mnarani walikuwa wanaweka maji kwenye debe, na chini ya lile bati maji yalikuwa moto kama ya kuoshea mtoto. Mkubwa wao, tuliyemwita Shaushi kwa cheo chake cha uaskari, alikuwa mtu wa mbali, wa bara huko magharibi, mnene, mwenye kucheka. Akaja Lyulilo kununua mitungi. Wa kwanza ukapasuka. Wa pili ukapasuka. Akaja kunifokea mbele ya wateja.

"Wewe mama, unaniuzia vigae?"

"Mitungi mingine yote niliyouza inafanya kazi. Tatizo ni mnara wako."

"Mnara umefanya nini?"

"Sijui. Sijaupanda. Nipandishe niuone."

Wateja wakaanza kukusanya vitu vyao. Shaushi akacheka mpaka mkanda ukamkaba, akasema, twende.

Ndivyo nilivyopanda. Ngazi zikalia, na chini wanawake wakalia pia, maana waliona ninapelekwa kufungwa. Juu nilikuta upepo wa ziwa unaingia upande mmoja tu bila kukoma, na mtungi umewekwa pale pale kwenye upepo, juu ya mbao tupu. Upande mmoja unakauka, mwingine umelowa. Utapasuka hata kama umefinyangwa na malaika. Nikawaambia wauweke kwenye kapu la mchanga wenye unyevu na kuugeuza kila siku. Wa tatu haukupasuka, na tangu hapo nikawa mtu wa kupanda na kushuka, "mama wa mitungi", nikileta mpya na kutoa uliozeeka.

Mnataka kujua niliona nini siku ile ya kwanza, kwa macho yangu tu, bila darubini? Niliona kwamba dunia yangu yote ingeenea kwenye ungo. Mitumbwi ilikuwa kama makapi ya mpunga juu ya maji. Mito iliingia ziwani kwa rangi yake na kuendelea na rangi yake mbali ndani, jambo ambalo ukiwa chini hulijui. Mimba ya mtu sikuiona. Lakini niliona njia ya Makwale, na juu ya njia hiyo mwanamke mmoja anatembea, na mbele yake mzee mmoja anakuja. Mara mwanamke akaruka pembeni, akatoweka kwenye majani. Mzee akapita. Mwanamke akarudi njiani. Kutoka juu ilionekana kama mchezo wa wadudu, na nilicheka peke yangu. Baadaye niliacha kucheka, kwa sababu nilijiuliza, na mimi huwa naonekana hivi? Na huyu mwenye darubini amenitazama mara ngapi nikiruka?

Kisha ikaja vita yao.

Hapo ndipo mnara ulipoonyesha ulijengwa kwa ajili gani. Wazungu walipigana na Wazungu huko mpakani kwenye mto Songwe, na mizigo yao ikabebwa na waume zetu. Waliwakamata mashambani, kanisani, msibani. Waliobeba mizigo walikwenda, na wengi hawakurudi, si kwa risasi bali kwa njaa na kuhara. Mume wangu, Ambakisye, alikimbia kabla hawajamfikia. Alijificha kwenye matete, pale mto unapoingia ziwani, akilala juu ya kichanja kama ndege. Baba yake alikuwa anampelekea chakula kwa mtumbwi. Amri ya boma ilikuwa wazi, kila mtu aliijua: baba akikutwa anamficha mwana, anachapwa viboko, kisha wote wawili wanatiwa kamba na kupelekwa kubeba. Mzee yule alikuwa na goti bovu. Asingefika hata Songwe.

Siku hiyo nilipanda na mtungi kama kawaida. Juu nilimkuta Shaushi na karani wa boma. Karani huyu alikuwa mtu wa kwetu, Mnyakyusa aliyesoma misheni, jina lake Asegelile, na alizungumza Kiswahili kwa kasi kama mtama unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Walikuja kutafuta watoro. Askari walikuwa wageni, nyuso zetu hawakuzitofautisha, ndiyo maana walitaka macho ya mwenyeji.

"Mama wa mitungi, njoo," Shaushi akaniita. "Wewe unawajua watu wa majini. Kuna mtumbwi pale kwenye matete. Niambie ni nani yule."

Akaniwekea darubini usoni.

"Fumba jicho moja."

"Lipi?"

"Lolote!"

"Nikifumba lolote, nitazame kwa lipi?"

Mwanzoni niliona mbingu. Kisha majani, makubwa kama migomba. Kisha, ghafla, uso wa mtu, karibu nami kuliko nilivyokuwa karibu na Shaushi. Uso wa Ambakisye, lakini umezeeka, una mvi upande mmoja wa kidevu na jino moja limetoka. Ulikuwa unacheka. Sikuwahi kuuona uso ule maishani mwangu. Nilikuwa najiuliza ni nani huyu mwenye uso wa mume wangu, ndipo akaweka ngumi mdomoni akakohoa. Mara mbili.

Sikukisikia kikohozi, nilikiona. Lakini miguu yangu haikuhitaji kusikia. Iliruka nyuma yenyewe, nikaupiga teke mtungi, maji yakamwagikia viatu vya Shaushi. Na kabla sijaruka nilikuwa nimeona pia mkono unatoka kwenye matete, unapokea ndizi. Mkono huo niliujua bila darubini.

"Kuna nini?" Shaushi akang'aka. "Umemwona nani?"

Nilinyamaza. Mnaelewa? Hapo hapo kwenye kibanda cha bati, mbele ya kamba iliyokuwa inaning'inia ukutani, nilikuwa nafanya kile ambacho mke mwema hufanya. Sikulitaja.

Shaushi akachukua darubini, akatazama nayo, hakutambua chochote. "Kuna mzee wa Makwale mwanawe ametoroka," akasema, akalitaja jina, akalivunja vunja mdomoni kama mtu anayetafuna mfupa. "Ni yeye?"

Nikanyamaza tena. Ndipo karani akageuka, hakunitazama mimi, akamtazama Shaushi, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja:

"Afande, wanawake wa huku hawataji jina la baba mkwe. Hata uwachome moto. Kwa hiyo mwanamke akinyamaza hivi, ujue yule ni mkwe wake. Angekuwa mtu baki, angelitaja jina lake bila shida."

Nilihisi kama amenivua nguo. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni, lakini hicho nilikielewa chote. Mtu wa kwetu, aliyenyonya maziwa ya kwetu, anamfundisha mgeni kufungua mlango wa nyumba zetu! Kunyamaza kwangu, ambako ndiko heshima yenyewe, kulikuwa kumegeuka kuwa kidole kinachomwonyesha mzee.

Shaushi akanisogelea. Hakuwa anacheka tena. "Wewe umeolewa wapi?"

Sikumjibu hilo. Nilifanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa bonde lile aliyekuwa amelifanya. Nilimsahihisha.

"Hulitamki vizuri," nikamwambia. "Siyo hivyo." Nikavuta pumzi, nikalitaja jina la baba mkwe wangu, lote, kwa sauti ya kuuzia vyungu. Kisha nikalitaja tena. "Huyo wa Makwale namsikia tu. Wanasema ana goti bovu, ataweza wapi kupiga kasia? Yule kwenye mtumbwi ni mjomba wangu wa Ikombe, ananiletea udongo. Tazama mwenyewe, ameukalia! Udongo wangu ameukalia kama kigoda! Ndiyo maana nimeruka. Nikimshika leo atanijua."

Shaushi akamtazama karani.

"Umesikia mwenyewe, Afande," karani akasema. "Amelitaja. Mara mbili."

Shaushi akatazama tena kwenye darubini, akatazama viatu vyake vilivyolowa, na kicheko chake kikarudi. "Maskini mjomba," akasema. "Shuka, mama. Kalete mtungi mwingine."

Nilishuka ngazi. Kwenye ngazi ya katikati walisimama wanawake wawili wa Makwale wenye mizigo ya kuni za askari. Walikuwa wamesikia. Hawakunisalimia. Waliubana mgongo ukutani nipite, kama ninaambukiza.

Jina lilifika nyumbani kabla yangu.

"Umelitaja?" mama mkwe akaniuliza mlangoni.

"Nimelitaja."

"Mbele ya wanaume?"

"Mbele ya wanaume. Na kwa sauti, juba, maana yule mgeni alikuwa analikosea." Juba ndiyo kusema mama kwa Kinyakyusa. Sikumwita hivyo mara nyingi.

"Na wanasema ulimwona."

"Kwa darubini."

Ndipo akauliza lile swali. Halikuwa swali la kunikejeli. Macho yake yalikuwa na hofu. Kama kumwona kwa darubini ni kumwona, basi nimevunja yote mawili kwa siku moja, na nyumba ile ilikuwa na mwana mafichoni, haikuwa na nafasi ya mkosi mwingine. Kama si kumwona, nilimtambuaje?

Nyuma ya migomba kikasikika kikohozi. Mara mbili.

Miguu yenyewe ilinipeleka nyuma ya nyumba, nikageukia ukuta. Mzee alikuwa amerudi kutoka ziwani. Akasimama upande wake wa ukuta, akaanza kuzungumza na kuku aliyekuwa anachakura uani. Kwetu hilo halikuwa kosa. Mtu anaweza kuzungumza na kuku wake.

"Wewe kuku," akasema, "kuna mtu nataka umpelekee habari. Mwambie jina langu limekaa miaka yote kama jembe lililowekwa darini. Zuri, safi, halijawahi kugusa udongo. Leo limelimiwa."

Nilishika ukuta.

"Umwambie pia nimesikia naitwa Mkisi, tena eti siwezi kupiga kasia. Mimi sipigi kasia vibaya kiasi hicho, asinitukane."

"Na utakaso?" mama mkwe akapaza sauti. "Au mambo haya yanaishia kwenye utani?"

"Kuku," mzee akasema, "usiende mbali. Utakaso ni wewe."

Basi kuku alichinjwa, maneno yakasemwa, na mimi nikala paja. Lakini wanawake walipotaka nipige magoti niombe radhi, nilikataa. Niliwaambia nitakula kuku wa amani mara kumi wakitaka, ila radhi sina. Niombe radhi kwa lipi, kwa mzee ambaye bado ana mgongo mzima? Walininunia msimu mzima. Mama mkwe alinuna nao mchana, na usiku akaniwekea sehemu kubwa ya samaki. Sikulitaja jina lile tena, na hapa siliandiki. Msidhani ni woga. Lilikuwa neno la kufanya kazi moja, na kazi ikaisha. Hata uso wake sikuuona tena mpaka anazikwa. Niliendelea kuruka vichakani kila akikohoa, lakini sasa nilikuwa najua ninamkimbia nani.

Ambakisye alikaa kwenye matete mpaka Wajerumani walipoondoka. Watu wakacheza ngoma. Mimi niliuliza hao Wazungu wapya wanaoingia wanabebewa mizigo na nani, na hazikupita wiki nyingi jibu likaja na kamba zake. Tukarudi kwenye matete. Mnara ukabaki bila mtu, bati likaondoka, ngazi zikawa kuni, na matofali kila mmoja akachukua yake. Mimi niliyachukua ya kutosha kuzungushia mahali pangu pa kuchomea vyungu. Mnapokuja kuchoma kwangu na kusifu jinsi moto unavyotulia, mnausifu mnara wa Wajerumani. Hiyo ndiyo kazi yake nzuri ya kwanza.

Sasa mna sufuria na ndoo za bati, na kila mwaka mnaniambia kazi yetu inakufa. Nimesikia hayo tangu debe la kwanza. Finyangeni. Mtu akikuambia jambo haliwezekani, muulize ameligonga akasikia nini.

Yule karani alirudi Ipyana, akalima mpunga, akaimba kanisani kama wengine. Kila msimu alikuja Lyulilo, akasimama mbele ya vyungu vyangu, akavigonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa kusikiliza. Alikuwa na sikio zuri, hilo sikumnyima.

"Mama, mtungi huu bei gani?"

"Hauuzwi."

"Na ule?"

"Nao hauuzwi."

"Haya. Ndaga, mama," anashukuru kana kwamba nimempa kitu, na kwenda zake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia neno juu ya mnara, na mimi sikuwahi kumuuzia hata kifuniko.

Alipofariki nilikwenda msibani Ipyana kwa sababu ya watu wake, si kwa ajili yake. Dada yake, mzee kama mimi, alinipa maji, akakaa kando yangu, akaanza kuhesabu jamaa kama wazee tufanyavyo. Akaniambia Asegelile ni jina la ubatizo tu. Kabla ya misheni alikuwa na jina jingine, na alikuwa mchunga ng'ombe wa mjomba wa mume wangu. Ndiye aliyeshika mkia wa dume jeupe la mahari yangu, kwa hiyo siku ile mnarani alijua vizuri nimeolewa nyumba gani.